Begi la Monduli

Simu ilipoita, mimi na mdogo wangu Raheli tulikuwa uani tunapepeta mchele. Raheli aliitazama namba asiyoijua, akapokea, kisha akasimama wima na ungo mkononi kama mtu anayekaguliwa. Alisema "ndiyo, afande" mara nyingi sana. Alipokata simu aliurusha ungo juu, mchele wote ukamwagika, kuku wakapata sikukuu yao, nami wala sikumgombeza. Alikuwa ameitwa Dodoma kwenye usaili wa maofisa wanafunzi. Wakimpitisha angekwenda chuo cha jeshi Monduli, na siku akitoka huko angekuwa na nyota begani.

Kwetu Kilosa, katika ukoo wetu, nyota hatujawahi kuvaa. Babu alitoka Tabora akaja kufanya kazi ya reli, akashika sururu mpaka akastaafu. Baba yetu, mzee Lazaro, alikata mkonge ujanani, kisha akarudi kwenye jembe. Mimi Hildegarda niliishia darasa la tano, mama alipougua na ikatakiwa mtu wa kubaki naye nyumbani. Aliyesoma ni Raheli. Alimaliza kidato cha sita, akaenda JKT, akarudi mwembamba, mweusi, ana sauti ya kuamsha mtaa, na mdomoni ana neno moja tu: Monduli.

Hata kabla ya simu ile tulikuwa tumeanza kujiandaa. Alfajiri alikimbia kandokando ya tuta la reli, mimi namfuata na baiskeli ya baba nimebeba maji. Jioni tulifanya usaili wetu wenyewe. Nilikaa kwenye kigoda, nimevaa kofia ya baba, mimi ndiye wakubwa wote wa jeshi. Raheli alibisha hodi kwenye mlango wa jikoni, akaingia kwa hatua za kikakamavu, akapiga saluti. Nami nilitakiwa nimuulize kwa nini anataka kuwa ofisa.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mimi hata nikitumwa dukani huwa naomba Mungu nisikute watu. Nilimuuliza Raheli maswali yale kwa sauti ya mtu anayesali peke yake, naye akacheka mpaka saluti ikaharibika.

"Afande, sauti haitoki kooni," alikuwa akiniambia. "Inatoka huku." Ananigonga tumboni kwa vidole. "Vuta pumzi, shusha, halafu itoe yote."

Nilijaribu. Kuku walishtuka kidogo, basi.

Sasa lazima niseme habari za mzee Kondo. Sisi ni Wanyamwezi, na Wasagara ni watani zetu. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele ya wageni, akabeba kuku wako, akakalia kiti chako, na wewe huruhusiwi kununa. Unachoruhusiwa ni kumjibu au kumlipa akurudishie. Mzee Kondo ni Msagara. Yeye na baba walikuwa wote kwenye mkonge, na tangu siku hizo hawajawahi kusalimiana kama watu wazima. Anaishi Mikumi, ananunua mahindi vijijini kwa pikapu yake kuukuu, na kila akipita Kilosa lazima aingie kwetu kuharibu utulivu. Ndugu zangu wote wanamjibu. Mimi akinichokoza nakimbilia jikoni. Kwa hiyo jina langu kwake ni Bubu.

Usaili ulikuwa Jumatatu asubuhi. Jumapili tulipotoka kanisani, watu wa jumuiya na majirani walikuja kumuaga Raheli. Tulipika wali na kuku. Treni ya umeme ya kwenda Dodoma ilikuwa ya mchana, na kule shangazi Agatha alikuwa anamsubiri. Begi lilikuwa tayari mlangoni, jeusi, lenye mkanda wa kijani. Baba mwenyewe ndiye aliyelipanga. Vyeti halisi alivilaza chini kabisa, juu yake kanga, juu ya kanga raba za kukimbilia, kwa sababu alisema watu wa safarini wana vidole vyepesi. Yule afande kwenye simu alikuwa amesisitiza: asiye na vyeti halisi asijisumbue kufika getini. Na Raheli hakuwa na mwakani. Umri wao wa mwisho wa kupokelewa ulikuwa unamfikia kabla ya mwaka mwingine.

Ndipo pikapu ikasimama nje, imejaa magunia. Mzee Kondo aliingia bila hodi, akachukua paja la kuku kwenye sahani ya baba, akauliza kuna msiba gani hapa mbona Wanyamwezi wamevaa viatu. Watu wakaanza kucheka. Baba akamjibu kwamba leo kuna mtoto anakwenda kuwa mkubwa wa jeshi, kwa hiyo Msagara akae mbali asije akakamatwa. Mzee Kondo akamzunguka Raheli, akamkagua juu mpaka chini.

"Mkubwa wa jeshi," alisema. "Babu zenu walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani, na hata ahsante hawakupewa. Leo Mnyamwezi anasafiri mikono mitupu, begi limekaa mlangoni linasubiri nani? Linanisubiri mimi nilibebe?"

Akaliinua, akalitupa juu ya magunia. Watu walipiga makofi. Akapanda kwenye usukani, akatoa kichwa dirishani.

"Sitaki jogoo, sitaki mbuzi. Begi hili litakombolewa na Bubu. Aje Mikumi, anijibu kwa mdomo wake. Akinishinda, nalitoa."

Akaondoka. Bado tulikuwa tunacheka, maana mzee Kondo ni mtu wa kuzunguka nyumba ya pili na kurudi. Mwaka jana aliondoka na sufuria ya maharage ikiwa jikoni inachemka, akairudisha kabla hayajapoa. Tulisubiri. Wageni walimaliza kula. Baba alitoka barabarani akaangalia, akarudi, akatoka tena.

Alipompigia, mzee Kondo alipokea akiwa njiani, pikapu inanguruma. Baba akamweleza kwamba ndani ya begi mna vyeti vya mtoto. Tulisikia kicheko chake mpaka tuliokaa mbali. Alisema Wanyamwezi wakishindwa utani huwa ghafla wana vyeti, wana wagonjwa, wana kesi mahakamani. Alimwambia baba ampeleke Bubu. Kisha mtandao ukakata, na kila tulipopiga tena hakupatikana.

Jirani mmoja akasema twende polisi. Baba akakataa. Alisema hajasikia tangu azaliwe mtu aliyempeleka mtani polisi, na hata tukienda, polisi wenyewe watacheka kwanza. Yeye alikuwa tayari kwenda Mikumi, lakini masharti yalikuwa wazi. Akienda yeye, mzee Kondo atamkalisha, atamlisha, atamtania mpaka giza liingie, na begi halitatoka.

Raheli alikuwa amekaa kwenye ngazi, na viatu vyake vya safari miguuni. Hakulia. Alikuwa amenyoosha mgongo kama alivyofundishwa, lakini vidole vyake vilikuwa vinafunga na kufungua kamba ya kiatu kimoja. Watu wote walikuwa wananiangalia mimi.

"Twende," nilisema.

Nadhani alinisikia Raheli peke yake. Alitosha.

Hesabu ya safari tuliifanya tumesimama. Treni ya mchana kutoka Kilosa tungeikosa, lakini Mikumi iko kwenye barabara kuu. Tukiwahi begi, Raheli angepanda basi pale mpaka Morogoro na kuikuta treni ya jioni. Ditram, jirani yetu mwenye bodaboda, alitupakia mshikaki, Raheli katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno. Baba alitukimbilia akampa Raheli koti lake la mvua, hata wingu halikuwepo.

Barabara ya Mikumi ina vumbi la kuingia mpaka kwenye meno. Ditram alikuwa anaimba. Alituambia kwao Vidunda milimani watu wanashuka mteremko kwa pikipiki na gunia la maharage, sisi wawili ni kitu gani. Raheli alikuwa akigeuza shingo kunisemea sikioni majibu ya kumpa mzee Kondo. Mwambie masikio yake kama pikapu yake. Mwambie Msagara akisikia ngoma anasahau mtoto shambani. Nilikuwa nayarudia yote moyoni na nilijua hata moja halitatoka. Maneno ya mtu mwingine huniganda mdomoni.

Tulipofika Masanze, Ditram alipunguza mwendo. Kulikuwa na msiba kando ya barabara. Wanaume walikaa chini ya turubai, wanawake kwenye majamvi upande wa pili, na mzee mmoja alikuwa anapita katikati yao amevaa koti kubwa lisilo lake, anachechemea na fimbo. Watu waliokuwa wakilia walikuwa wanacheka na machozi bado yako mashavuni. Tulimjua ni nani bila kuambiwa. Alikuwa mtani, anamuigiza marehemu.

Nilikumbuka msiba wa babu yetu. Mzee Kondo alikuja amevaa viatu vya babu, akaketi ukingoni mwa kaburi, akakataa mwili usishushwe mpaka alipwe. Mimi nilikuwa mtoto, nilijificha nyuma ya mama, na niliona jinsi baba alivyocheka siku ile ambayo hakuna aliyetegemea acheke. Nikawaza kwamba haki ile ni yetu pia.

"Hilda, unawaza nini?" Raheli aliuliza.

Nilimwambia namfikiria marehemu. Hakuelewa.

Nyumba ya mzee Kondo iko nyuma ya stendi ya Mikumi. Uani kulikuwa na watu wengi. Wanawake walikuwa wanachambua mahindi, wanunuzi wawili walikuwa wanakagua magunia, na madereva wa malori walikuwa kwenye benchi wanakunywa chai. Mzee Kondo alikaa kivulini. Pembeni yake, kwenye kiti cha pili, alikuwa amelikalisha begi la Raheli, amelivika kofia yake na kulimiminia kikombe cha chai. Alikuwa analiambia lisiogope, jeshini watu wanazoea.

Alipotuona alipiga kofi moja. Akawatangazia wote kwamba huyu ndiye Bubu wa Kilosa, Mnyamwezi pekee aliyezaliwa bila kelele, na leo amekuja kusema. Wakageuka. Nafikiri hata kuku waligeuka.

"Haya, mtani," alisema. "Nakusikiliza."

Nilifungua mdomo. Nilitafuta lile la masikio na pikapu, sikuliona. Dereva mmoja akaanza kucheka taratibu. Mzee Kondo akaweka kiganja sikioni, akainama kuja mbele, akasema labda Bubu anaongea kwa meseji. Nyuma yangu nilimsikia Raheli.

"Kutoka tumboni, afande."

Nikaivua kanga mabegani, nikaifunga kiunoni kwa nguvu. Nikakaa chini katikati ya ua, kwenye vumbi, nikaweka mikono kichwani. Nikavuta pumzi, nikaishusha, halafu nikaitoa yote.

Sikujua nina sauti ile. Nililia kilio cha msiba, kile kirefu kinachoanzia mlangoni kwa mfiwa na kumaliza mtaa mzima. Njiwa waliruka kwenye bati. Wanawake waliokuwa wanachambua mahindi waliacha. Jirani alitokea kwenye ukuta akauliza nani kafa.

"Mtani wangu Kondo," nilisema. "Amekufa mchana huu, na hakuna aliyetuambia."

Ua ulilipuka kwa kicheko. Mzee Kondo alisimama akasema yeye mzima, watu wamwangalie. Sikumwangalia. Niligeukia wanawake.

"Mnasikia? Hata kufa kwenyewe hajui. Mtu mwingine akifa ananyamaza."

Baada ya hapo sikuhitaji kutafuta tena. Maneno yalikuja yenyewe, yamepangana, sijui yalikuwa yanakaa wapi miaka yote hiyo. Nilimlilia mtani wangu aliyekula kuku wa watu bila kunawa. Nilimlilia mtani wangu mwenye pikapu inayokohoa kuliko mwenyewe. Nilisema marehemu alikuwa hana rafiki, ndiyo maana alifia kwenye kiti akiwa anampa begi chai. Wale madereva walikuwa wameshikana mabega. Mwanamke mmoja alikuja akakaa kando yangu, akaweka mikono kichwani, akalia na mimi. Wa pili akaja. Ditram alivua kofia akasimama kwa heshima, akaniuliza kaburi lichimbwe wapi. Nikamwambia lisichimbwe refu, marehemu ni mbishi, anaweza kutoka.

Mke wa mzee Kondo, Bi Yusrah, alitoka ndani na upawa mkononi. Nilimpa shikamoo kutoka palepale chini, akaitikia marahaba. Akaniangalia, akamwangalia mumewe, akauliza kuna nini. Mumewe akamwambia aseme mbele ya watu kwamba mume wake yu hai.

Bi Yusrah alifikiri kidogo.

"Mwanangu," aliniambia mimi, "kama ni hivyo basi nilete jamvi."

Hapo mzee Kondo alishindwa. Nilimwona anajizuia, mashavu yakamvimba, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akauliza nataka nini ili nimfufue. Watu wakasogea kusikiliza, maana malipo ndiyo yanayokumbukwa.

Nilimwambia kwanza begi.

"Lako. Na la pili?"

"Wewe ulisema Mnyamwezi ndiye wa kubeba mzigo," nilisema. "Leo utalibeba wewe. Kichwani. Mpaka kwenye basi."

Sikuwahi kusikia shangwe kama ile ikiwa kwa ajili yangu. Bi Yusrah alimletea ngata ya kanga, akamwekea kichwani yeye mwenyewe, akaikaza vizuri. Raheli alitaka kwanza afungue begi. Alipiga magoti, akatoa raba, akatoa kanga, akavishika vyeti vyake vyote kimoja kimoja. Mzee Kondo alikuwa amesimama juu yake. Niliona kicheko kinamtoka usoni.

"Kumbe ni kweli," alisema taratibu. "Mwanangu, kumbe ni kweli."

Raheli akamjibu kwamba muda bado upo, mpagazi aache maneno. Akacheka tena, lakini alitembea haraka kuliko sisi. Tulitoka uani kama harusi. Mbele alikuwa mzee Kondo na begi kichwani, mkono mmoja umelishika, nyuma yake Raheli anatembea kikakamavu, nyuma ya Raheli mimi, wanawake wa mahindi, madereva, na Ditram anasukuma pikipiki na kupiga honi. Kwenye barabara kuu malori yalipunguza mwendo. Wauza vitunguu waliacha vitunguu. Kila aliyemuuliza mzee Kondo kulikoni, mimi nilimjibu kwamba huyu ni marehemu, asimchoshe.

Basi la Morogoro lilikuwa limeshawasha injini. Mzee Kondo alimshika konda shati, akamwambia ndani ya gari hili anapanda ofisa, kwa hiyo akichelewesha njiani atajibu. Alimlipia Raheli nauli bila kuulizwa. Raheli alinikumbatia, akanigonga tumboni kwa vidole vyake, akapanda. Alikaa dirishani. Basi lilipoondoka alinipigia saluti, na mimi niliirudisha katikati ya stendi, watu wote wananiona.

Treni ya jioni aliipata. Asubuhi aliingia getini na vyeti vyake mkononi. Usaili wenyewe alinihadithia baadaye mara zisizopungua kumi: mbio alikuwa wa mbele katika wasichana, na walipomuuliza kwa nini anataka kuongoza watu, alijibu bila kutetemeka. Sisi tulibaki tunasubiri. Baba alikuwa anaenda na simu mpaka chooni. Wiki zilipita, mahindi yakabeba, na siku niliyokuwa nafua mtoni Mkondoa nilimsikia baba ananiita kutoka juu ya ukingo. Alikuwa ananyoosha simu tu. Nikaiweka sikioni.

"Afande Hilda," sauti ilisema. "Nimechaguliwa. Naenda Monduli."

Nilipiga kelele. Kutoka tumboni. Waliokuwa ng'ambo wanamwagilia mboga waliacha ndoo.

Siku ya kumsindikiza Raheli safari hii tulipika tena wali na kuku, na watu walikuwa wengi zaidi. Begi lilikaa mlangoni palepale, na mkanda wake wa kijani. Pikapu ikasimama nje. Mzee Kondo aliingia bila hodi, akachukua paja kwenye sahani ya baba, akauliza nani kawaruhusu Wanyamwezi kula wali. Akaliona begi. Akasogea hatua mbili kulifuata.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jamvi na wageni. Sikukimbilia jikoni. Nilisimama, nikaivua kanga mabegani, nikaanza kuifunga kiunoni polepole.

Mzee Kondo aliniangalia, akaangalia begi, akaingiza mikono yote miwili mifukoni. Akaomba maji ya kunywa.